Diski ya Kuwashia Kompyuta: Ya Kiasi Gani?

Ndugu yetu mmoja, baba wa watoto wanne, ametuuliza jambo ambalo twadhani lawahusu wengi wa wasomaji wetu. Amenunua kompyuta ya mtumba, ya mezani, yenye hadi diski ya zamani. Watoto huiwasha, wakaenda kunywa chai, wakarudi, nayo bado haijawa tayari. Fundi amemshauri atie diski ya SSD iwe ya kuwashia. Dukani akaonyeshwa tatu: ya gigabaiti 120, ya 240 na ya 480. Auliza: fedha zikiwa chache, kwa nini asichukue ile ndogo, khabari ikesha hapo?

Twamjibu kwamba asiichukue, nasi twasema hivyo kwa kuwa sisi tuliichukua. Miaka michache iliyopita tulijiona werevu kwa kuokoa kijisehemu cha bei, tukatia ya 120 peke yake katika kompyuta ya nyumbani. Miezi ya mwanzo ilikuwa raha tupu. Haukupita mwaka, ikaanza kutuambia kila siku kwamba nafasi imekwisha. Masasisho ya Windows yakawa hayaingii. Na usiku mmoja binti yetu, aliyekuwa akimalizia kazi ya shule iliyotakiwa asubuhi, akaona haihifadhiki. Tulikesha naye tukifuta picha ili kazi yake ipate mahali. Baadhi ya picha hizo zilikuwa za harusi ya dada yetu, wala nakala nyingine hatukuwa nayo.

Basi yafaa mtu ahesabu kabla ya kulipa. Kwanza ajue kwamba gigabaiti za dukani si zile aonazo kwenye kioo. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti milioni elfu moja. Windows huizidisha 1,024 kwa nafsi yake mara tatu. Kwa hiyo diski ya 120 huonekana kama 111 hivi, ya 240 kama 223, na ya 480 kama 447. Hapana aliyeibiwa; ni kama pishi ya mji huu na pishi ya mji wa pili.

Katika hizo 111, Windows 11 hukalia nafasi kubwa. Microsoft wataka diski isiyopungua gigabaiti 64, na hicho ni kiasi cha kuingilia, si cha kuishi. Mfumo hujiwekea akiba ya kama 7 kwa ajili ya masasisho, hutenga pahala pa kusaidia kumbukumbu inapojaa, na kila usasishaji mkubwa huiacha Windows ya zamani humo kwa siku 10, ili mwenyewe akitaka kurudi aweze. Tia na programu za kuandikia, na picha za simu ambazo watoto huzimimina bila kuuliza.

Tena SSD haipendi kujaa. Haiwezi kuandika juu ya maandishi ya kale mpaka iyafute, nayo hufuta kwa mafungu makubwa, si kimoja kimoja. Ikibanwa, hulazimika kwanza kuhamisha vilivyomo, na ule wepesi ulionunuliwa ukapungua. Sisi huacha wazi sehemu moja katika sita.

Kwa ndugu yetu, ya 240 yatosha. Mfumo na programu zikae humo, na ile hadi diski ibaki sandukuni kwa picha, video na vitabu. Hadi diski huchelewa kwa sababu kichwa chake lazima kisafiri juu ya sahani inayozunguka ili kutafuta kila kipande, na mfumo unapowaka hutafuta vipande maelfu. Picha moja ikifunguliwa, uchelewaji huo hausumbui. Fedha zitakazosalia, ikiwa kumbukumbu ni gigabaiti 4 tu, aifikishe 8 kabla ya kuitamani ya 480.

Ingekuwa ni kompyuta mpakato yenye nafasi ya diski moja tu, tungesema kinyume: hapo hadi diski yatoka, na ya 480 ndiyo ya kununuliwa hata ikibidi kungoja mshahara wa mwezi ujao. Ama ya 120, ina mahali pake. Kompyuta nyingi za mtumba hazikubaliwi na Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye kuhamia Ubuntu, ambayo huomba gigabaiti 25 tu, akiwa na hadi diski ya pili kwa mizigo, hatutamzuia.

Kabla fundi hajaifungua kompyuta, ndugu yetu anakili picha zote katika diski ya nje, kisha azifungue mbili tatu kutoka huko aone kwamba zimefika.