Mafuta ya Giaboksi Yasipimwe Baridi



Katika mkutano wetu uliopita baadhi ya wazee walitoa rai kwamba gari ya jumuiya iuzwe, inunuliwe nyengine yenye gia za mkono, kwa kuwa hizi gia za oto zimetutia khasara msimu wa karafuu. Rai hiyo ilipokewa kwa makofi. Sisi tulinyamaza siku ile, kwani hesabu ya matengenezo ilikuwa haijatufikia. Sasa imetufikia, tena pamoja na maelezo ya fundi aliyeifungua giaboksi, na twaona ni wajibu wetu kusema waziwazi kwamba hatukubaliani na kuiuza. Kosa lilikuwa la kipimo, na sehemu kubwa ya kosa hilo ni ya ofisi yetu wenyewe.

Nyote mwakumbuka yaliyotokea. Gari ilisheheni magunia, ikafika kwenye mlima, injini ikanguruma kwa nguvu zote na gari isende. Magunia yakashushwa kando ya njia, mvua ikayakuta, na karafuu zilizokwisha kukauka vizuri zikarudi majamvini. Wako waliopoteza daraja ya kwanza siku ile, na hawajatusamehe.

Lakini mambo yalianza wiki kadhaa nyuma. Asubuhi moja gari ilipelekwa kuongezwa mafuta ya giaboksi, nayo ilikuwa imelala nje usiku kucha, baridi kabisa. Fundi akachomoa kijiti cha kupimia, akaona mafuta hayajafika alama ya juu. Akatuambia ni bora kwanza iendeshwe nusu saa ipate moto wake. Sisi tukamwambia watu wanangoja, mimina twende zetu. Akamimina mpaka alama ya juu kabisa. Twaandika haya ili lawama isimwangukie yeye.

Kijiti kile kina alama za namna mbili, za baridi na za moto. Alama za moto zimewekwa kwa mafuta yaliyofika digrii 70 hadi 80, na ndizo za kutegemewa; zile za baridi ni za kukisia tu, kama vile baada ya kumwaga mafuta ya zamani na kutia mapya. Mafuta yakipata moto hutanuka. Giaboksi yenye lita 8, ikipanda digrii 50, mafuta yake huongezeka karibu kiasi cha chupa moja ndogo ya soda bila ya mtu kutia hata tone. Kwa hiyo aliyejaza baridi mpaka alama ya moto amezidisha, ijapokuwa macho yake yamemwambia kuwa amejaza sawasawa. Nani katika sisi angekubali kununua karafuu mbichi kwa uzito, kisha azihesabu kuwa ni kavu?

Yakizidi, gia zinazozunguka huyafikia na kuyapiga mpaka yakafanya povu. Na gia za oto hufanya kazi kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu. Mafuta ndiyo yanayozibana sahani za klachi. Povu ni pumzi, halina nguvu ya kubana kitu. Sahani huteleza, huungua, na joto huzidi. Ajabu ni kwamba yakipungua pia matokeo ni hayo hayo, kwani pampu huvuta hewa pamoja na mafuta.

Sisi tulipata yote mawili. Mafuta yaliyozidi yalitoka kwa tundu la pumzi la giaboksi, dereva akaona yamechuruzika chini, tukadhani inavuja. Tukaongeza tena, asubuhi, baridi. Yakatoka tena. Tukaongeza. Ilipofunguliwa, mafuta yalikuwa yamegeuka kahawia na kunuka moto, na sahani zimeungua. Gia za mkono zingetuokoa na msiba huu, ni kweli, lakini ofisi isiyosubiri nusu saa kwa mafuta ingeiharibu hiyo nayo kwa njia nyengine.

Basi kwa wanachama wenye gari za oto, nazo ni nyingi siku hizi, twasema hivi. Iendesheni gari kiasi cha nusu saa. Anayetoka Wete kwenda Chake Chake akifika mafuta yamekwisha kuwa tayari. Ikiwa imebeba mzigo mzito juani, ipumzisheni kwanza kama nusu saa, kwani yakipita kiasi cha moto kipimo pia husema uwongo. Isimame pahala palipo sawa, breki ya mkono imefungwa, mguu juu ya breki, injini inawaka. Pitisheni mkono wa gia kila pahala pake taratibu kisha urudi P. Ziko gari chache ambazo hupimwa kwenye N, au injini ikiwa imezimwa. Kitabu cha gari ndicho mwamuzi. Futeni kijiti kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kirudisheni, kichomoeni, someni. Mafuta yaliyo tayari ni ya moto hata ncha ya kijiti haikamatiki vizuri kwa vidole. Yakipungua, tieni kidogo kidogo, kwani kutoka alama ya chini ya moto hadi ya juu mara nyingi haifiki hata nusu lita.

Gari nyingi za karibuni hazina kijiti kabisa. Hizo hupimwa kwa nati iliyo chini ya giaboksi, gari imenyanyuliwa sawa, injini inawaka, na joto linasomwa kwa mashine ya kompyuta. Kwa gari nyingi za Kijapani joto hilo ni karibu na digrii 40, na kila moja ina kiasi chake kitabuni. Mafuta yakidondoka kidogo, yametimia. Nati ikifunguliwa kabla ya kufika joto hilo, mafuta yatabaki mengi kupita kiasi. Yakiwa yamepita, yatamwagika mengi na yatakayobaki hayatatosha. Kazi hii si ya chini ya mwembe. Na gari za CVT zina mafuta yake khasa, msizitie ya oto ya kawaida hata muuzaji aape.

Katika mkutano ujao tutaomba mambo mawili: gari ibaki, na fundi alipwe saa yake ya kungojea kama anavyolipwa saa ya kazi, kwani tukimlipa kwa kumimina tu atamimina tu. Mashine ya kusomea joto tumekwisha kuagiza. Ikifika, mwanachama atakaye kuiazima aje ofisini baada ya sala ya Alasiri, atie saini daftarini, na airejeshe siku ya pili asubuhi.

Katibu