Mota moja kwa wote: Somo la Safari Rally kwa pikapu za rimoti Kanda ya Ziwa

UKICHEZA mpira mtaani, iwe Igoma, Mabatini au Kirumba, lazima unamjua mwenye mpira. Hata kama hajui kupiga danadana tatu, namba anayo. Ukimtoa nje anabeba mpira wake na mechi imeishia hapo. Ndiyo maana ligi haiendeshwi hivyo. Kwenye ligi mpira ni wa mashindano, na timu yenye hela na isiyo na hela zinapiga mpira uleule.

Kwenye mbio za magari, mpira huo ni mota. Anayeamua mota gani itumike ndiye anaamua nani atacheza na nani atabaki kushangilia nje ya kamba.

Nalisema hili kwa sababu ya pikapu za rimoti zinazokimbia kwenye vumbi. Watu wengi wakisikia gari la rimoti wanafikiria mdoli wa sikukuu. Hapana. Huu ni mchezo wenye shirikisho lake la dunia, IFMAR, wenye madaraja, ukaguzi na mabingwa wanaolipwa na watengenezaji. Mjapani Masami Hirosaka alibeba mataji 14 ya dunia kwenye magari haya.

Gari lenyewe ni moja ya kumi ya gari halisi. Dereva anasimama jukwaani na rimoti mkononi, chini pikapu zinaruka matuta, zinagongana, zinapinduka. Mchujo wa magari ya umeme kwa kawaida ni dakika tano tu. Uwanja wake hauhitaji mabilioni: eneo la udongo lisilozidi moja ya kumi ya kiwanja cha mpira linatosha.

Kwa jiji lenye vumbi, mawe na vijana wanaojua kufungua simu na pikipiki kwa macho yaliyofumba, huu ni mchezo unaowezekana kabisa. Ila kabla ya kununua chochote kuna swali la kujibu, na jibu lake lilishachezwa hapo jirani, Naivasha.

SAFARI RALLY ILITUONYESHA

Safari Rally ilirudi kwenye Ubingwa wa Dunia mwaka 2021, baada ya kuwa nje tangu 2002. Mwaka mmoja baadaye magari ya daraja la juu, Rally1, yakaja na mfumo wa haibridi. Pamoja na injini ya petroli ya lita 1.6 yenye turbo, kila gari lilibeba mota ya umeme ya kilowati 100 na betri ya kilowati-saa 3.9.

Hapo ndipo penye utamu. Mota hiyo ilikuwa moja kwa wote. Toyota, Hyundai na Ford za M-Sport zote zilichukua kwa mtengenezaji mmoja, Compact Dynamics ya Ujerumani. Hakuna aliyeruhusiwa kuja na mota yake ya siri.

Je, mbio zilipoa? Wala. Mwaka 2022 Toyota walichukua nafasi nne za kwanza Naivasha, Kalle Rovanperä akiwa mbele. Mwaka 2023 wakarudia nne zilezile, safari hii Sébastien Ogier akishinda. Mota ya umeme ilikuwa sawa, lakini kulikuwa na madereva, matairi, shokapu na akili ya kusoma tope. Maana yake ni kwamba mota moja haifuti tofauti ya timu. Inachofanya ni kuiondoa tofauti hiyo kwenye mfuko na kuipeleka kwenye uwezo.

Lakini kuna nusu ya pili ya somo. Kuanzia msimu wa 2025 haibridi ikaondolewa. Mfumo ulikuwa ghali, mzito na wenye mambo mengi. Ulifungwa ndani ya boksi ambalo fundi wa timu hakuruhusiwa kulifungua. Na gari lilikuwa na taa ya usalama: ikiwaka nyekundu, umeme una hitilafu, usiguse. Dereva anaweza kuwa na gari linalotembea, ila taa ikamwambia basi.

Sheria mpya za 2027 zimeenda mbali zaidi, zimeweka kikomo cha bei ya gari kwenye Euro 345,000. Wakubwa wa dunia wenyewe wameona kwamba bila kushika bei, uwanja unabaki na timu mbili tatu.

Kwa hiyo masomo ni mawili. Mota iwe sawa kwa wote, na iwe inayotengenezeka palepale ilipo. Ukichukua la kwanza ukaacha la pili, umejenga nyumba ya ghorofa bila ngazi.

MOTA ZIPO ZA AINA MBILI

Ukiingia sokoni utakuta mota za aina mbili. Ya kwanza ni ya kaboni, ile ya kizamani. Ndani yake kuna vipande vya kaboni vinavyosugua na kupeleka umeme kwenye waya unaozunguka. Fundi yeyote aliyewahi kufungua feni ya gari au stata ya bodaboda anaijua. Ni ya bei ya chini, na kidhibiti mwendo chake pia ni cha bei ya chini. Ubaya wake, kaboni zinaisha, na vumbi na maji vinaziharakisha.

Ya pili haina kaboni. Sumaku ndiyo inazunguka, na kidhibiti mwendo ndicho kinapanga umeme uende waya gani kwa wakati gani. Inatumia betri vizuri, ina nguvu zaidi, inadumu zaidi. Ila bei yake iko juu, na ikiungua mara nyingi ni kununua nyingine.

Tofauti ya kasi si ya kitoto. Chukua Slash, pikapu ya kampuni ya Traxxas iliyotoka mwaka 2008 na kuufanya mchezo huu upendwe sana Marekani. Yenye mota ya kaboni, mtengenezaji anaitaja kwa maili 30 kwa saa, yaani karibu kilomita 48. Yenye mota isiyo na kaboni na betri kubwa, maili 60, karibu kilomita 97. Gari lilelile, umbo lilelile, mwendo mara mbili.

Sasa wewe weka hizo mbili kwenye mbio moja. Ni kama kumchezesha kijana wa Ndondo dhidi ya Aziz Ki halafu useme tuone nani ana bidii.

Kwenye mota zisizo na kaboni utaona namba inaitwa kV. Usiiogope. Ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja. Mota ya kV 3,500 kwenye betri ya volti 7.4 inazunguka kama mara 25,900 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Ukiweka betri ya volti 11.1, inafika 38,850. Hapo unaona kwamba kudhibiti mota bila kudhibiti betri ni kufunga mlango na kuacha dirisha.

Wenzetu waliotangulia wana daraja linaloitwa la kawaida, ambalo kwa magari mengi mota yake ni ya mizunguko 17.5 ya waya. Mizunguko mingi ya waya, mwendo mdogo. Kidhibiti mwendo kinalazimishwa kisiongeze ujanja wowote wa programu, na kikiwa kwenye hali hiyo taa yake inapepesa. Mkaguzi anaangalia taa tu, anajua huyu yuko ndani ya sheria. Huhitaji VAR.

NJIA KWANZA, MOTA BAADAYE

Watu wa Mwanza si wageni wa mota za umeme zinazoendeshwa kutoka mbali. Mwaka 2018 DHL, kampuni ya Wingcopter na shirika la GIZ la Ujerumani walitangaza matokeo ya majaribio ya miezi sita ya kupeleka dawa kisiwani Ukerewe kwa droni. Kilomita 60 juu ya maji zilichukua wastani wa dakika 40. Kwa barabara, njia ya kuzunguka ni kilomita 240 na saa sita hivi.

Pale hawakuanza na mota. Walianza na njia: maji mengi, hakuna uwanja wa kurukia, mzigo wa dawa. Ndipo wakachagua chombo chenye mota zinazogeuka, kikapaa wima kama helikopta kisha kikasonga mbele kama ndege.

Na sisi tuanze na njia. Udongo wetu una mchanga na vipande vya mawe. Ufukweni kuna unyevu, na mvua za Kanda ya Ziwa hazipigi hodi. Mchana joto linasogea nyuzi 30 kabla hata gari halijawashwa.

Hapo mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, kidhibiti mwendo na risiva viwe vya kuzuia maji. Hakuna mjadala. Pili, mota zenye sensa, zile zinazoondoka taratibu bila kukwamakwama, ni nzuri kwenye udongo laini, ila sensa haipendi maji. Tatu, joto ndilo adui namba moja. Mota ikivuka nyuzi 80 uko kwenye hatari, sumaku inaanza kuchoka na nguvu haitarudi.

Dawa ya joto si kununua mota kubwa. Ni kubadilisha giya. Ukipunguza meno ya giya ndogo ya kwenye mota, gari linapoteza mwendo kidogo mbele lakini mota inapumua. Na usitumie kile kipima joto cha wakati wa Corona, hakisomi nyuzi za juu hivyo. Tafuta kile cha mafundi wa friji.

BETRI NDIYO PUMZI

Betri za lithiamu ni nyepesi na zina nguvu, lakini zina masharti. Kila seli ikijaa isizidi volti 4.2, na ikiisha isishuke chini ya 3. Ukizidisha juu inaweza kushika moto. Ukishusha sana inakufa. Kidhibiti mwendo kizuri kinakata chenyewe kabla ya hapo, kwa hiyo kipengele hicho kiwe lazima, si hiari.

Tukikubaliana kila mtu atumie betri ya seli mbili, volti 7.4, yenye mAh 5,000, hesabu inakuwa rahisi. Hiyo ni wati-saa 37. Iko chini ya kikomo cha wati-saa 100 kwenye ndege, ingawa betri ya akiba lazima ukae nayo kwenye mzigo wa mkononi.

Umeme ukikatika mbio hazifi. Chaja nyingi za betri hizi zinakubali volti 12. Betri ya gari ya Ah 50 inaweza kujaza sita au saba bila kuikamua mpaka mwisho. Sola ndogo nayo inafanya kazi. Kujaza moja ni kama saa moja ukichaji kwa ampea tano.

Rimoti isitukoseshe usingizi. Za siku hizi za 2.4 GHz zinajitafutia nafasi zenyewe, haziingiliani kama zile za kristali za zamani. Dereva wawili au kumi, kila mmoja ana gari lake.

TUANZIE WAPI?

Wapo watakaosema mota isiyo na kaboni ni nafuu ukihesabu miaka, kwa sababu haili kaboni. Wana hoja. Kwa mtu mmoja anayejinunulia, huenda ningemshauri hivyo. Lakini ligi si mtu mmoja. Ligi inakufa siku ya kwanza, pale watoto 20 wanapokuja kuangalia na watatu tu ndio wana bei ya kuingia.

Kwa hiyo msimu wa kwanza uwe wa mota ya kaboni, aina moja, betri aina moja, giya moja. Mota ziwe mali ya waandaaji. Asubuhi ya mbio zinawekwa kwenye ndoo, kila dereva anachomoa yake bila kuchagua, jioni anairudisha. Baadhi ya mashindano ya nje yanafanya hivihivi, waandaaji ndio wanaogawa mota.

Kinachobaki huru ni shokapu, tairi na vidole vya dereva. Hapo fundi wa Makoroboi anayejua kupima mafuta ya shokapu atamshinda mtoto wa Capri Point mwenye kila kitu, au atashindwa kihalali.

Msimu wa pili, wakishajulikana wanaoweza, lifunguliwe daraja la juu la mizunguko 17.5. Anayetaka kupanda apande, kama Pamba Jiji ilivyosota Championship mpaka ikarudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25. Hakuna aliyewapa TP Lindanda daraja kwa sababu wana basi zuri.

Na jambo la mwisho kwa yeyote mwenye hela anayesoma hapa. Ukitaka kusaidia, usinunue gari moja la maili 60 ukampa mtoto wako. Kwa hela hiyohiyo nunua mota za kaboni, kaboni za akiba na chaja mbili, uziweke kwenye ndoo. Hapo utakuwa umenunua mpira wa mashindano, na hakuna mtu atakayeubeba kwenda nao nyumbani.