Mahali pa Kutua Mzigo



Mwezi huu tunaomba mvae viatu vya kutembelea, kwani safari yetu ni ya mbali. Tunakwenda Nepal, kwenye vilima vilivyo chini ya milima ya Himalaya. Wengi wetu tukisikia Himalaya tunafikiria wanaume wenye kamba na mitungi ya hewa. Lakini vilima vya chini vina vijiji, mashamba na njia za miguu, ambazo mama mwenye afya ya kawaida anaweza kuzitembea asubuhi na jioni akawa amerudi.

Tuchukue njia moja. Kutoka mji wa Pokhara tunapanda gari hadi Phedi, jina ambalo kwa Kinepali maana yake ni chini ya mlima. Hapo ngazi za mawe zinaanza mara moja. Tunapanda kwa saa moja na nusu au mbili hadi kijiji cha Dhampus, kiasi cha mita 1,650 juu ya usawa wa bahari. Pande zote ni mashamba ya matuta yenye mpunga, mahindi na ulezi, uleule tunaopikia uji nyumbani. Nyumba nyingi ni za mawe, na nyingine zimeezekwa kwa mawe bapa. Kukiwa hakuna mawingu, mbele yetu husimama Machapuchare, mlima wa mita 6,993 ambao jina lake maana yake ni mkia wa samaki. Kwa wenyeji ni mlima mtakatifu, na hairuhusiwi kuupanda hadi kileleni. Jirani yake ni safu ya Annapurna, ambayo kilele chake kikubwa kina mita 8,091. Mwenye nguvu huendelea saa moja hivi hadi mahali paitwapo Australian Camp, kisha huteremka hadi Kande na kupata gari la kurudi.

Miezi mizuri ni Oktoba na Novemba, au Machi na Aprili. Kuanzia Juni hadi Septemba ni masika yao. Mawe huteleza, na ruba hupanda miguuni. Tembeeni kwa mwendo unaowawezesha kuzungumza bila kuhema. Chukueni maji, kofia na sweta. Shikeni fimbo wakati wa kuteremka, maana magoti huumia zaidi hapo kuliko kwenye kupanda. Ugonjwa wa miinuko mirefu kwa kawaida huanza kuwapata watu juu ya mita 2,500, kwa hiyo hapa hatuna haja ya kuuogopa.

Sasa tuache kidogo kutazama theluji, tumtazame anayepishana nasi kwenye ngazi. Mara nyingi ni mama. Mgongoni ana kikapu kikubwa kiitwacho doko, kilichojaa kuni au majani ya nyati, na uzito wote umeshikwa na mkanda uliopita kwenye paji la uso, kama wanawake wa milimani Kenya wanavyobeba kuni. Njia ambayo kwetu ni matembezi, kwake ndiyo njia ya malishoni, ya sokoni na ya hospitali. Tumpishe upande wa mlimani, tumsalimu, na tusimpige picha bila kumwomba.

Watu wa vilima hivi wana desturi nzuri. Kando ya njia hujenga jukwaa la mawe chini ya miti ya kivuli, liitwalo chautari. Hulijenga kwa kimo kinachomwezesha mpagazi kuegemeza kikapu chake bila kukishusha chini, apumzike, kisha aondoke bila kuinama. Wengine hulijenga kwa kumkumbuka marehemu wao.

Mzigo umepata mahali pa kutuliwa. Je, mwili wa mama nao? Nepal ina akina mama wengi waliopata tatizo la kizazi kushuka. Kuzaa mara nyingi, uchungu wa muda mrefu, na kurudi kwenye mizigo mizito siku chache baada ya kujifungua, vyote huchangia. Wengi waliteseka kimya kwa aibu, hata mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua kwamba hili ni suala la haki ya mwanamke, na serikali ikaagizwa kulishughulikia.

Wapo walioamua kuwa mahali pa kupumzikia. Mwaka 1952 daktari Lily O'Hanlon na mwenzake Hilda Steele, wanawake Wakristo waliokuwa wakiwatibu Wanepali mpakani upande wa India, walitembea kwa miguu na wenzao hadi Pokhara wakaanzisha hospitali. Ilikuwa ya vibanda vya alumini vilivyong'aa juani, basi watu wakaiita Hospitali Inayong'aa. Mwaka 1988 serikali ilianzisha mpango wa akina mama wa kujitolea wa afya vijijini. Leo ni kiasi cha 50,000, hawana mshahara, nao hupita kwenye ngazi hizo hizo wakiwahimiza wajawazito kwenda kliniki. Tangu 2005 mama anayejifungulia kituoni hupewa fedha za nauli, na wa milimani hupata zaidi ya wa tambarare. Uchunguzi wa 1996 ulikadiria vifo vya akina mama 539 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Sensa ya 2021 ilipata 151. Bado ni vingi, lakini ni wazi kwamba njia ndefu inaweza kufupishwa.

Nasi tujiulize. Ndoo ya maji na mzigo wa kuni haviko Nepal peke yake. Mama aliyejifungua asibebe mizigo mizito kwa wiki sita za mwanzo. Akiona uzito sehemu za chini, kitu kinachojitokeza ukeni au shida ya kukojoa, aende hospitali; ugonjwa huu una tiba, kwa mazoezi, kwa pete maalumu au kwa upasuaji. Zoezi lenyewe ni rahisi: kaza misuli kama unayezuia mkojo, hesabu hadi tano, legeza. Rudia mara kumi, asubuhi, mchana na jioni.

Na baba wa nyumba aelezwe mapema, kabla mtoto hajazaliwa, ili maji yasingoje mama apone. Kwa wale wasio na mume karibu, kikundi cha akina mama kanisani kigawane siku: huyu maji, yule kuni, mwingine kufua. Kwa wiki sita kila zamu itakuwa chautari ya mwenzetu.

Bwana awape nguvu. Tukutane mwezi ujao.