Moreau alikuwa mwalimu pia

Mwandishi, ualimu wa mchoraji Gustave Moreau umeupitia kwa sentensi moja tu katika makala yako, na hapo sikubaliani nawe. Ni kweli picha yake ya Oedipus na Sphinx ndiyo iliyompa jina kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1864. Lakini mwaka 1892, akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 60, alianza kufundisha chuo cha sanaa cha École des Beaux-Arts, na mikononi mwake wakapita wachoraji Henri Matisse, Georges Rouault na Albert Marquet. Tazama kazi zao: kila mmoja ana njia yake!

Alikuwa akiwahimiza waende makumbusho ya Louvre kunakili kazi za wakongwe. Matisse alinakili picha moja ya mchoraji Chardin: samaki taa ametumbuliwa, ananing'inia ukutani, na paka kakanyaga chaza, manyoya yamemsimama. Kunakili picha kama ile ni shule nzima.

Mimi nafundisha kuchora, na najua ugumu wa kumwacha mwanafunzi ashike njia yake, kama Moreau alivyofanya. Mkono unakuwasha umsahihishie kila mstari.

Moreau alifariki mwaka 1898, nyumba yake pamoja na maelfu ya picha na michoro akaiachia serikali ya Ufaransa. Mwaka 1903 ikawa makumbusho. Michoro imo kwenye makabati ambayo mgeni huyafungua mwenyewe. Na msimamizi wa kwanza wa makumbusho hayo? Rouault, mwanafunzi wa Moreau.