MAWINGU HAYATAFAGIA MOSHI WETU

Watu wengi hudhani kwamba habari ya moshi ni shida ya Dar es Salaam na Kampala, penye magari maelfu kwa maelfu. Sisi twasema sivyo. Mji uliojengwa bondeni, hata ukiwa mdogo kama Murongo, waweza kuvuta hewa mbaya kupita kiasi cha ukubwa wake, na sababu moja iko angani.

Mchana wingu ni mwavuli; huzuia jua lisiunguze mabati na barabara. Usiku wingu ni blanketi. Huzuia joto la ardhi lisipotee upesi. Lakini katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, usiku usio na mawingu, ardhi hupoa haraka. Hewa ya baridi huteremka kutoka vilimani ikalala kando ya mto Kagera, na hewa yenye joto ikawa juu yake kama kifuniko cha chungu. Moshi wa jioni, wa majiko ya mkaa na wa takataka zinazochomwa nyuma ya maduka, haupati njia ya kupanda. Hukaa papo hapo mpaka jua la asubuhi liipashe ardhi moto. Mama anayeamka alfajiri kukaanga maandazi, na mpagazi anayepakia magunia, ndio wanaouvuta kwanza.

Wapo wanaosema: ngojeni mvua, itasafisha. Ni kweli, matone ya mvua huziangusha chembe za moshi. Lakini si kila wingu lina mvua. Tena tone la wingu huanza kwa kushika chembe. Chembe zikizidi mno, maji yale yale hugawanyika katika matone mengi madogo, nayo huchelewa kuwa mvua. Basi mtu achomaye nyasi za vilima vya Karagwe na Kyerwa, akitumaini kwamba mvua itamfutia kosa, anamkwaza fundi yule yule anayemngojea.

Nalo hili linatushangaza. Mwaka 2023 Marais wa Tanzania na Uganda walizindua kituo cha umeme cha Kikagati–Murongo, chenye uwezo wa megawati 14, umeme wa kugawana nchi mbili. Nguvu inatoka mtoni mlangoni petu, na chakula bado kinapikwa kwa mkaa! Hatumlaumu mfanyakazi, bei ya jiko la umeme twaijua, na mshahara wake twaujua. Serikali iliahidi mwaka 2024 kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania watatumia nishati safi ya kupikia. Yafaa ahadi hiyo ianzie kando ya mitambo, kwa majiko ya bei nafuu au ya mkopo.

Lakini kuacha kuchoma takataka jioni hakuhitaji mkopo wala mtambo. Viongozi wa kata watenge mahali pa kuzifukia, mbali na mto, kabla Juni haijafika.