Askari mwenye njaa hawezi kulinda mji



Hapa Kilibula, waliokuwa watu wazima mwaka 1996 hawahitaji kufundishwa namna jeshi linavyoanguka. Mwezi wa kumi mwaka ule Uvira ilitekwa mwanzoni kabisa mwa vita vya AFDL. Bukavu na Goma zikafuata kwa siku chache, na tarehe 17 Mei 1997 Kinshasa nayo ikaanguka. Nilikuwa mtoto wa shule. Wengi wetu tunawakumbuka askari wa Zaire wakibeba mali za raia kuliko tunavyowakumbuka wakipigana.

Jeshi lile lilianza kushindwa miaka mingi kabla. Septemba 1991 askari wenye hasira ya mishahara walipora Kinshasa. Januari 1993 walilipwa kwa noti mpya za zaire milioni 5, na wafanyabiashara wakazikataa. Askari alikuwa na noti mfukoni na njaa nyumbani, basi akaingia dukani na bunduki. Lakini duka lililoporwa halilipi kodi. Bila kodi serikali haina mshahara wa kutoa, na askari asiyelipwa anapora tena. Adui alipofika, raia walikuwa wamekwisha kuchoka na jeshi lao.

Baada ya vita vile tulijaribu kutengeneza. Fedha za askari zilikuwa zikipita mikononi mwa makamanda, na majina ya watu wasiokuwapo yalikuwa yakilipwa. Ujumbe wa Umoja wa Ulaya, EUSEC, ulioanza 2005, ulisaidia kuhesabu askari na kutenganisha wanaolipa na wanaoamuru. Baadaye mishahara ikaanza kupitia benki. Hiyo ilikuwa hatua njema. Lakini chakula, dawa, mafuta ya gari na risasi havipiti benki. Vinahitaji barabara na mikono safi.

Februari 2025 tuliona tena. Bukavu ilipoanguka, askari walishuka kupitia Kamanyola na bonde la Ruzizi mpaka hapa Uvira. Wazalendo walitaka kuwanyang'anya silaha, wakapigana wao kwa wao. Maelfu ya ndugu zetu walivuka kwenda Burundi wakiwakimbia watu waliopaswa kuwalinda. Mwezi uliofuata Rais alitangaza kuongeza mishahara ya askari na polisi mara mbili. Ni kweli kwamba M23 wanasaidiwa na Rwanda, kama wataalamu wa Umoja wa Mataifa walivyoandika, na upungufu peke yake hauelezi kila kitu. Lakini mishahara haiongezwi katikati ya vita kama ilikuwa inatosha.

Katika Luka 3 Yohana anawaambia askari wasinyang'anye, waridhike na mshahara wao. Sisi wachungaji tumelihubiri neno hilo kwa askari mara nyingi. Je, tumelihubiri kwa anayelipa? Mtu hawezi kuridhika na mshahara usiofika. Paulo naye, katika 1 Wakorintho 9, anauliza kama yuko askari anayekwenda vitani kwa gharama yake mwenyewe. Alitegemea jibu kuwa hakuna. Kwetu Kongo wako, na gharama hiyo wanailipisha mama anayepita kwenye bariere na beseni la ndagala.

Mama mmoja, mke wa askari, alikuja kwa mashemasi wetu kuomba unga. Baadhi ya washirika walinung'unika: tumlishe mke wa mtu anayetunyang'anya? Tulimpa unga. Lakini swali lao halikuwa la kipumbavu, na unga wa kanisa haulijibu. Linajibiwa na wale wanaopitisha bajeti ya taifa na wale wanaoitumia. Wabunge wetu wanapokuja kutusalimia ibadani, tuwaulize kwa heshima: chakula cha askari kilichoandikwa kwenye karatasi kilifika wapi? Tukiomba ushindi bila kuuliza hilo, tunaombea jeshi ambalo kesho litarudi kula kwetu.

Bwana awabariki.