Mbwa alale na mbuzi, si jikoni

Mwezi huu tunaongea mambo ya mbwa, na tunaanza na kosa letu sisi walimu.

Mwanafunzi wetu mmoja wa darasa la tano, kwao wana mbuzi wanne. Aliokota mtoto wa mbwa, akaja kutuuliza kama anaweza kulinda mbuzi. Tukamjibu haraka haraka: kulinda kuko ndani ya damu ya mbwa, wewe mpe chakula tu. Basi wakamlea jikoni, anacheza na watoto, anakula ugali wa mgao. Alipofika miezi saba wakamwingiza zizini. Kumbe kwake mbuzi ni kitu kigeni cha kukimbizwa! Siku ya pili kitoto kimoja cha mbuzi kilikutwa kimekufa. Mama wa mtoto hakutugombeza. Alisema tu, "Walimu, yule ndiye alikuwa viatu vya shule."

Tangu hapo tumeuliza na kusoma. Wenye kuijua kazi hii vizuri ni watu wa Namibia. Kule wafugaji walikuwa wanaua duma wengi kwa sababu ya mifugo yao. Mwaka 1994 shirika la Cheetah Conservation Fund, lililoanzishwa na Mama Laurie Marker mwaka 1990, likaanza kuwapa wafugaji mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki wanaoitwa Kangal. Huko Uturuki wachungaji huwavisha kola ya miiba ya chuma ili mbwa mwitu asiwashike shingo. Si mchezo.

Lakini siri si ukubwa. Siri ni wiki za mwanzo. Toka wiki ya tatu hivi mpaka karibu miezi mitatu, mtoto wa mbwa anajifunza nani ni ndugu zake. Akikua katikati ya mbuzi, anasikia harufu yao, analala kwenye joto lao, basi hao ndio ukoo wake. Akikua jikoni, ukoo wake ni nyinyi, na mbuzi ni wageni. Damu ipo, hatukatai: mbwa wa namna hii wamechaguliwa kwa vizazi vingi wasiwe na hamu kubwa ya kuwinda. Ila damu peke yake haitoshi.

Aliyelelewa vizuri hawaswagi mbuzi kama mchungaji, anakaa nao tu. Hatari ikija anasimama katikati na kubweka kwa nguvu. Duma mara nyingi anakimbia bila kupigana, maana akiumia mguu hawezi kuwinda tena.

Kuna kipindi kigumu, hasa kabla hajatimiza mwaka na nusu. Ni kijana, anataka mchezo, anavuta mikia, anang'ata masikio. Hapo usimwache peke yake na vitoto. Mkemee palepale, mweke na mbuzi wakubwa wenye pembe, watamfundisha adabu kuliko sisi.

Wengine watasema, mbwa wa Uturuki sisi tutamtoa wapi? Wanavajo wa Marekani wanalinda kondoo na mbuzi kwa mbwa wa kawaida kabisa, waliochanganyika, kama hawa wetu. Wanawaweka zizini wakiwa wadogo sana. Basi.

Yule mbwa wa kwanza, majirani walitaka auawe. Baba mwenye nyumba alikataa, sasa anabweka mlangoni usiku, mbali na mbuzi. Mtoto amepata mwingine wa wiki sita, analala kwenye kona ya zizi. Usiku wa kwanza mbuzi jike alimpiga kichwa, asubuhi wakakutwa wamelala pamoja. Tumemwambia akifika miezi mitatu apelekwe kuchomwa sindano ya kichaa cha mbwa.

Viatu tumelipa nusu. Nusu nyingine tutamalizia posho ya walimu ikitoka.